Pampu ya Kahawia na Mbegu za Maboga

Jumapili, Juni 1

Mume wangu amelala mchana huu, na mimi nimekaa sakafuni karibu na kitanda namsikiliza akipumua. Wenzangu wakiolewa huandika habari za zawadi na picha. Mimi naandika habari za kifua. Kinapanda, kinashuka, na kikishuka kuna mluzi mdogo ndani yake, kama birika linalochemka jikoni kwa jirani. Nilijua kabla hajanioa kwamba ana pumu. Alinieleza siku ile ile aliponiambia ananipenda, yote mawili kwa pumzi moja, kisha akavuta pampu yake ya dawa akasubiri jibu. Ningemkataaje mwanamume wa namna hiyo?

Nimeanza kuandika leo kwa sababu nina hasira, na nikiitoa kwa mdomo nitamwamsha. Mama mkwe alikuja asubuhi. Akakaa kwenye kiti chetu kipya bila kuvua koti, akasema kipupwe ndicho hicho kimeingia, na mtu mwenye kifua kama cha mwanawe hana biashara ya kupuliza tarumbeta. Wifi yangu ana duka la mapazia, na nyuma ya kaunta kuna kiti chenye mto. Akae hapo, apime vitambaa, aishi. Mume wangu akatazama chini. Hufanya hivyo kila mama yake akizungumza.

Mimi nikasema, "Mama, huyu hakuzaliwa kuuza mapazia."

Mama akainuka, akaondoka.

Mwishoni mwa Agosti mji utafungua ukumbi wake mpya na bendi yao ndiyo itakayopiga. Kiongozi wao wanamwita Kapteni, ingawa hajawahi kuwa askari, na Kapteni amempa mume wangu sauti ya kwanza, yaani tarumbeta inayoongoza. Lakini kwa sharti. Akikosa mazoezi kwa sababu ya kifua kama mwaka jana, sauti inakwenda kwa mwingine, na pengine hata nafasi yake katika bendi. Mama analingoja hilo, na kile kiti chenye mto kinalingoja.

Kitangoja sana.

Jumatano, Juni 4

Tumetoka kliniki. Ilikuwa siku yake ya kawaida ya kupimwa, na nikaomba kuingia naye, maana sasa mimi ni mke na mke anaingia. Tabibu ni mwanamke wa sauti ya taratibu, anamjua tangu akiwa kijana. Alimkumbusha habari za pampu zake mbili. Ya kahawia ni ya kila asubuhi na kila jioni, awe mzima awe hoi, kwa sababu ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ya bluu ni ya dharura, kifua kinapobana.

Nikauliza kama kuna chakula kinachosaidia. Akaweka kalamu chini, nadhani haulizwi hilo mara nyingi. Akasema mwili unahitaji madini, na yapo yanayotajwa sana kwa wenye pumu. Magnesiamu husaidia misuli kulegea, na njia za hewa zimezungukwa na misuli. Inapatikana kwenye mboga za majani, maharage, ndizi, mbegu za maboga. Akataja zinki na seleniamu, kwenye samaki, mayai, dengu. Akasema wataalamu bado hawajakubaliana chakula peke yake kinapunguza pumu kiasi gani, ila hakuna aliyeumizwa na sahani ya mboga, mradi tusinunue poda za kwenye makopo bila kumwuliza, na mradi pampu ziendelee.

Mimi akili yangu ilibaki kwenye neno magnesiamu. Kidato cha pili mwalimu wetu wa kemia aliwasha utepe wa madini hayo mbele ya darasa, ukatoa mwanga mweupe hata tukafunika macho. Miaka yote hii sikujua ule mwanga una kazi gani duniani. Leo nimejua. Nitauweka kifuani mwa mume wangu.

Na nafanya kazi kwenye duka la nafaka. Nani mwingine mjini ana bahati kama yangu?

Jumatatu, Juni 9

Utaratibu umeanza. Asubuhi uji na ndizi na kiganja cha mbegu za maboga nilizozikaanga bila chumvi. Mchana nampelekea mazoezini maharage na mchicha mwingi. Jioni samaki au dengu. Nimenunua kikapu kipya chenye mfuniko kwa ajili hiyo tu.

Kazini napepeta maharage siku nzima na vumbi linanikaa hadi kwenye kope. Zamani nilikuwa narudi hivyo hivyo. Sasa naoga kwenye bafu la uani kwanza, nabadilisha nguo, ndipo napanda ngazi. Bosi wangu ananicheka, anasema naingia kwa mume wangu kama naingia chumba cha upasuaji. Acha acheke. Yeye mke wake anamnunia tangu Pasaka.

Jumamosi, Juni 14

Ukungu. Maharage. Nampenda.

Jumapili, Juni 15

Mama mkwe kafunua kikapu. Akashika mbegu moja kwa vidole viwili, akaigeuza, akaniuliza kama nimemfungia mwanawe kwenye tundu. "Mkwe wangu, hiki ni chakula cha kasuku."

Nikamwambia kasuku ana pumzi nzuri, Mama, anaongea mchana kutwa hakohoi. Mume wangu alikohoa kwa kicheko, na Mama akamtazama haraka kifuani, kisha akanitazama mimi kana kwamba kile kikohozi nimekileta kwenye kikapu. Nikaeleza habari za magnesiamu na misuli. Akasema kwamba alipokuwa anamlea huyu mtu hakukuwa na magnesiamu, kulikuwa na kulala macho tu. Akaondoka bila kula.

Sijui ananichukia mimi au anachukia mbegu. Vyovyote vile, kesho naongeza mbegu.

Jumamosi, Juni 21

Amepanda ngazi zetu zote bila kusimama. Tunakaa juu ya duka la viatu, na kila siku husimama pale kwenye dirisha dogo akijifanya anaangalia barabara. Leo hakusimama. Akaingia, akanishika kiuno, akanipulizia sikioni wimbo mzima bila tarumbeta. Nikamwambia, ni magnesiamu hiyo. Akasema, "Ni mikono yako, mpenzi."

Nimeandika sentensi hiyo hapa ili nikizeeka nikajisahau, niisome.

Alhamisi, Juni 26

Wanabendi wamempa jina jipya. Wanamwita Mgodi, kwa sababu ya madini. Nikifika na kikapu mpiga ngoma hutangaza kwamba gari la mchanga limefika. Shemeji, wananiambia, na sisi tuchimbie kidogo. Nawagawia. Kapteni alitafuna mbegu zake taratibu kama anayehesabu mapigo, akasema mume wangu ameishika ile noti ndefu ya katikati kuliko mwaka wowote. Kisha akaniuliza kama zinasaidia na magoti.

Jumapili, Julai 6

Mama mkwe hakuja. Nimemtumia salamu kupitia wifi: mwambie Mama kasuku wake anaimba. Mume wangu amenisihi nisichokoze. Sichokozi. Nashinda tu.

Jumanne, Julai 15

Baridi imezidi. Kuta zina jasho. Ana mafua kidogo, yeye na mji mzima. Nimeongeza mchicha.

Jumapili, Julai 20

Amesimama tena dirishani kwenye ngazi. Anasema alikuwa anaangalia barabara kweli. Nimechungulia. Barabarani hakukuwa na kitu.

Nimeongeza dengu asubuhi.

Jumamosi, Julai 26

Nimeona ameivuta ile ya bluu mara mbili kabla ya kutoka. Nikauliza kuna nini. Mafua, mpenzi, yanaisha. Anakula kila kitu ninachompa, anamaliza hadi maji ya mboga, na anapomaliza ananitazama kama mtoto aliyejibu swali. Sikumwuliza kuhusu ile ya kahawia. Nitaandika ukweli: siipendi ile pampu. Inakaa kwenye kishubaka cha bafuni kama mwanamke aliyenitangulia. Nikiiona nahisi inasema kwamba mimi na maharage yangu ni watu wa kupita.

Mama mkwe amekuja, amekaa, hakusema neno juu ya mapazia. Alikuwa anamsikiliza anavyopumua. Nilijua kwa sababu na mimi nilikuwa nasikiliza. Wakati wa kuondoka aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama analala vizuri. Nikamjibu analala vizuri sana, Mama, kwa nini asilale vizuri. Nilimjibu kwa kiburi. Nilitaka ushindi wangu uendelee.

Jumatatu, Agosti 11

Nilishindwa kuandika tangu Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilipeleka kikapu kwenye ukumbi wa mazoezi. Ni ghala la zamani nyuma ya shule, madirisha yako juu sana na ukungu ulikuwa umeingia ndani. Nilikaa kwenye benchi la nyuma. Walifika kwenye ile noti ndefu, na mume wangu akaipanda. Nikaanza kutabasamu. Noti ikatetemeka, ikakatika, na yeye akaishusha tarumbeta taratibu kama mtu anayeweka mtoto chini. Wenzake waliendelea kidogo, wakidhani amekosea tu.

Akavuta ya bluu, akavuta tena, na tena. Mabega yakapanda yakabaki juu. Nilifika kwake nikamwita, akajaribu kunijibu, na neno likagawanyika vipande. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Kapteni akapaza sauti mara moja tu, na kumbe hilo jina la Kapteni lina sababu, maana kila mtu alijua la kufanya. Walimbeba hadi kwenye gari la vyombo. Hakukuwa na muda wa kutoa ngoma, tukaketi katikati yake, mimi nikiwa nimemshikilia wima kifuani pangu, mpiga ngoma akimpulizia ile ya bluu kila tulipoambiwa kwa simu na watu wa hospitali. Kila shimo la barabarani ngoma zililia zenyewe.

Hospitali walimvika barakoa ya mvuke wa dawa na oksijeni, wakamchoma sindano. Kifua hakikufunguka upesi. Ndipo muuguzi akaja na chupa, akaitundika, akaiunganisha na mkono wake. Nikauliza ni nini. Akasema ni magnesiamu.

Nilicheka. Muuguzi alidhani nimepagawa, akanikalisha kwenye kiti. Magnesiamu yangu, tone kwa tone, mbele ya macho yangu. Nikatamani Mama mkwe angekuwepo aone, halafu nikajionea aibu kwa kutamani hilo wakati mume wangu ana rangi ile. Baada ya muda mabega yalishuka. Kwanza moja, kisha la pili. Nililia juu ya kikapu, maana nilikuwa bado nimekishika.

Jioni tabibu wetu alikuja wodini. Nikamwambia, nadhani kwa fahari, kwamba magnesiamu ndiyo iliyomwokoa. Akanijibu bila kunivunja moyo. Akasema dripu ile ni kipimo kikubwa, kimeingia moja kwa moja kwenye mshipa, kikisaidiana na dawa nyingine, mikononi mwa watu wanaopima moyo wake kila dakika. Si sawa na kiganja cha mbegu, hata ningezikaanga kwa mapenzi namna gani. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwuliza mara ya mwisho kuvuta ile ya kahawia ilikuwa lini.

Mume wangu akatazama chini.

Akakiri aliiacha katikati ya Juni. Tabibu akaeleza kwamba kazi ya dawa ile haiishi siku ile ile unapoiacha. Inafifia polepole, ndiyo maana wiki za mwanzo alikuwa mzima. Zile ngazi alizipanda kwa nguvu ya dawa aliyokwisha kuiacha. Na mimi niliandika magnesiamu.

Tabibu alipotoka nikamwuliza kwa nini. Alivua barakoa kidogo. Anaongea bado kwa vipande, na nimeviunga hapa. "Kila nilipopumua vizuri ulikuwa unang'aa. Nikaona ile pampu inakuibia. Nilitaka iwe ni wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kunipenda kijinga hivyo. Nilitaka kumbusu na nilitaka kumpiga. Nikamwambia, "Usinipende hivyo tena. Ukitaka kunipenda, pumua."

Jumanne, Agosti 12

Mama mkwe alikuwa amekaa nje ya wodi tangu alfajiri, kwenye benchi, koti mwilini. Nilijua kinachokuja, na kikaja: mbegu zako nusura zimuue mwanangu. Nikakaa kando yake. Akaendelea mwenyewe, na sauti ikabadilika. Akanieleza alivyokuwa akimbeba huyu mtu mgongoni hadi zahanati alipokuwa mdogo, kabla hawajapata pampu yoyote, na alivyojifunza kutembea kwa mwendo ambao haumtikisi. Akasema hadi leo akikaa popote hawezi kuvua koti, kwa sababu siku zile kulikuwa hakuna muda wa kulivaa.

Miezi yote hii nilidhani koti lile ni la kunionyesha kwamba hakai.

Nilimshika mkono. Aliuacha. Kisha, kwa kuwa ni Mama, akasema basi, sasa imetosha, kifua kimeamua, tarumbeta iuzwe na mbegu zitupwe, na wifi yako ameshafuta vumbi kwenye kile kiti.

Nikamwambia hapana. Nilimwambia kwa adabu, lakini nilimwambia. Kilichomlaza hapa si tarumbeta. Si mbegu pia. Ni kuacha dawa. Kuanzia sasa pampu ya kahawia ataivuta asubuhi na jioni mbele ya macho yangu, na nikiwa sipo, mbele ya macho yako, Mama, karibu. Na chakula changu kitaendelea, maana kinamjenga mwili, na siombi tena kiwe dawa. Na tarumbeta itaendelea mpaka tabibu aseme vingine, na leo nimemwuliza, hajasema vingine.

"Wewe binti una kichwa kigumu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kidogo afadhali. Yeye chake ni laini."

Jumapili, Agosti 17

Nyumbani. Nimeihamisha pampu ya kahawia kutoka bafuni hadi mezani, katikati ya chumvi na sukari. Atakayekuja aione. Baada ya kuivuta anasukutua mdomo kama tulivyoelekezwa, kisha ndipo tunakula. Nimeacha kuionea wivu. Inafanya kazi yake na mimi nafanya yangu.

Alhamisi, Agosti 21

Kapteni alikuja mwenyewe, amevua kofia. Sauti ya kwanza imekwenda kwa yule kijana mrefu anayekaa kushoto kwake. Alisema sharti ni sharti. Mimi nikauliza kama sauti ya pili ina mtu. Kapteni akasema sauti ya pili haina noti ndefu, ni ya kujibu tu. Nikasema basi mume wangu anajua kujibu, mpe. Akacheka, akamtazama yeye badala yangu, na mume wangu, safari hii, hakutazama chini. Akasema, "Naitaka."

Tabibu amekubali, kwa masharti marefu. Nimeyashika yote.

Jumamosi, Agosti 30

Ukumbi mpya unanukia rangi. Nilikaa safu ya sita na Mama mkwe, yeye kwenye kiti cha pembeni ili aweze kutoka haraka. Wageni walihutubia hadi watoto wakalala. Kisha bendi ikasimama.

Yule kijana mrefu alianza, na alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu mume wangu akajibu. Sauti fupi, nene, zenye nafasi katikati, na kwenye kila nafasi nilimwona akichukua hewa yake bila haraka, kama mtu anayechota maji kwake mwenyewe. Mimi na Mama tulikuwa tunapumua naye. Tulijigundua pamoja. Alipovuta hewa tulivuta, aliposhusha tulishusha, hadi jirani yetu akadhani sisi ni wagonjwa.

Mama akaniinamia sikioni. "Si ndiyo sauti ya pili hiyo?"

"Ndiyo, Mama. Ya kwanza tutaifuata mwakani."

Ukumbi ulikuwa na joto la watu, na wimbo wa tatu ulipoanza Mama alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani pangu nimshikie.

Jumatatu, Septemba 1

Ukungu umeisha. Asubuhi alivuta pampu, akasukutua, akaketi mezani, akasogeza bakuli pembeni. Akasema, mke wangu, nina jambo la kukwambia na nakuomba usilie. Nikamwambia sema.

Akasema mchicha anaupenda. Maharage anayaweza, dengu pia. Lakini mbegu za maboga amezichukia tangu siku ya kwanza. Zinamkwama kwenye meno, zinaharibu ladha ya tarumbeta, na kila kiganja alichomaliza tangu Juni alikimaliza kwa ajili ya uso wangu.

Sikulia. Nilicheka hadi mwenye duka la viatu akagonga dari yake kwa fimbo. Mume wangu hajawahi kunikatalia kitu tangu tuoane, na leo amenikatalia, kwa sauti nzima, bila kutazama chini na bila kukohoa. Ndipo nilipojua kwamba hata ile pampu hataiacha tena kwa siri.

Kesho naleta korosho. Akizichukia nazo, na aseme.